Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mkurugenzi: kingoeni kibao cha mnyaa, nirudishieni daftari langu la tatu

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Mbukwenyi. Na shikamoo pia, ingawa kwa umri wewe ni rika la mwanangu wa tatu. Cheo nacho kina miaka yake, sikatai kukiamkia.

YAH: MADAFTARI MATATU YA MIMEA YA ASILI NILIYOYAKABIDHI OFISINI KWAKO AGOSTI 2019

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Hii ni barua yangu ya nne. Tatu za kwanza nilizileta kwa mkono, kwenye bahasha za kaki, na kila mara niliambiwa "imepokelewa, mama". Hii ya nne naiweka hadharani, nimechoka kupokelewa. Ofisi yako siitaji jina. Nimekulia Ugogo, na kwetu mkubwa havuliwi nguo mbele za watu. Ila ukifika kwenye habari ya mnyaa utajijua, na walio chini yako watajijua kabla yako.

Nianze na huo mnyaa, maana wenyewe hausubiri kikao.

Mwezi uliopita nilisikia redioni kwamba mnazindua bustani ya mimea ya asili ya Ugogo na matumizi yake. Nilifurahi kama mtoto. Sikualikwa, na wala sikuona haja ya kualikwa kwenye shughuli ya kitu nilichokihangaikia miaka minane. Nikavaa kitenge changu cha sherehe, nikadandia kosta ya alfajiri kutoka Chamwino. Turubai lilikuwepo, ngoma ya muheme ilikuwepo, maji ya chupa yalikuwepo kwa walioketi meza ya mbele. Hotuba nayo ilikuwa tamu. Ilianzia 1973, Dodoma ilipoamuliwa kuwa makao makuu, ikapita 2018 tulipotangazwa kuwa jiji, ikatua kwenye mizizi yetu na asili yetu. Nilipiga makofi. Naomba hilo likumbukwe.

Watu walipotawanyika nikaanza kuzunguka vibao. Vibao vizuri, bati la kijani, maandishi meupe, vinasomeka hata bila miwani. Vipo kumi na vinane. Cha kwanza kipo chini ya mwarobaini, na kinasema mwarobaini ni mti wa asili wa Wagogo. Mheshimiwa, mwarobaini ni mgeni wetu kutoka pande za India. Tumemkaribisha, anatupa kivuli, hatumfukuzi, lakini mgeni hapewi ukoo kwa kibao cha bati. Hata jina lake la kisayansi, Azadirachta indica, linataja kwao. (Najua kijana wako mmoja atakimbilia kunijibu kwamba mkwaju nao unaitwa Tamarindus indica, na mkwaju ni wa Afrika kabisa. Kweli, mwanangu. Ndiyo maana jina la kitabuni peke yake halitoshi, inabidi mtu ashuke kwenye gari akaulize.) Nikakuta mlonge, wa India huo pia. Mwashoki, vilevile. Mjakaranda, kwao Amerika ya Kusini. Mkrismasi wenye maua mekundu, ambao asili yake ni kisiwa cha Madagaska, na kibao kinauita "fahari ya nyika yetu". Wageni watano kati ya kumi na wanane. Nikasema moyoni, sawa, bustani ina umri wa siku moja, tutaelekezana.

Halafu nikafika kwenye mkulagembe. Kibao chake kinasema: "Jina linajieleza. Jembe likikutana na mizizi yake, muulize fundi."

Nikasimama. Nikasoma mara ya pili, midomo ikitembea kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Mheshimiwa, hayo si maneno ya kitaalamu. Ni maneno yangu. Niliyaandika mwaka 2013 kwenye daftari la pili, siku jirani yangu alipopinda jembe jipya, nikacheka peke yangu, nikayaacha hapo. Hakuna mtu mwingine chini ya jua angeyaandika hivyo. Na hakuna afisa angeyapaka kwenye bati la umma isipokuwa ananakili bila kusoma.

Mara tatu ofisi yako imeniambia madaftari yangu "hayaonekani". Nikajua palepale kwamba yanaonekana.

Nikaendelea, sasa nasoma kama anayesahihisha insha. Mkole, sahihi: matunda huliwa, gome ni kamba, fito ni za kujengea tembe na kuchongea bakora. Mtundwe, sahihi, hadi mafuta ya mbegu yake ya kulainishia ngozi. Mng'ong'o, sahihi: matunda, vinu, mizinga. Mkungugu na maganda yake yanayonenepesha mbuzi kiangazi, sahihi. Hata mpangilio ni wangu. Jina la Kigogo, jina la Kiswahili, sehemu inayotumika, namna inavyotumika. Safu yangu ya tano, "Nani kasema", ndiyo peke yake iliyokosekana, na mahali pake kila kibao kimeandikwa "Utafiti: Ofisi". Nimekuwa nikijiuliza huyu Ofisi ni mtu wa kijiji gani.

Kisha mnyaa. Kibao kinasema: "Utomvu: huoshewa macho ya mtoto."

Unaujua mnyaa, Mheshimiwa? Ndio ule uzio wa maboma yetu, vijiti vya kijani visivyo na majani ya kuonekana, ukivunja kimoja yanatoka maziwa meupe. Maziwa hayo yakiingia jichoni, jicho huwaka moto na kuvimba, na mtu anaweza kukaa siku kadhaa haoni. Kila mtoto wa hapa aliyewahi kuchunga amekwishaonywa. Lakini bustani yenu ni ya watoto wa mjini, wanaoletwa kwa mabasi ya shule na kuambiwa wasome vibao. Kwenye daftari langu la kwanza mnyaa ni namba 41, na nimeandika: "Utomvu: hupofusha. Mtoto asiguse." Namba 42 ni mmea mwingine kabisa. Aliyenakili aliruka mstari mmoja. Rula ingemsaidia. Watoto wa darasa la tatu tulikuwa tunawaambia, weka rula chini ya mstari unaosoma.

Nilimwita mlinzi. Kijana mwenye adabu, alivua kofia. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, mimi nalinda vibao visiibwe. Kuvisoma si kazi yangu." Simlaumu, kati ya wote niliozungumza nao tangu 2019 yeye ndiye aliyejibu ukweli. Nikachana karatasi ya kalenda, nikaandika kwa kalamu ya mkono HATARI, USIGUSE MAZIWA YAKE, nikaibandika kwenye kibao kwa bigijii niliyokuwa nimemnunulia mjukuu. Mjukuu huyo anasoma mjini. Kesho yake alipita pale, karatasi haipo. Kibao kipo.

Kwa hiyo ombi la kwanza, Mheshimiwa, ni hilo. Mtu aende na bisibisi leo, akifungue. Ni kazi ya dakika tano, haina posho.

Sasa madaftari.

Nilianza mwaka 2011, nafundisha sayansi darasa la sita. Niliwapa watoto kazi ya nyumbani: kila mmoja alete mmea mmoja wa porini na maelezo ya bibi au babu yake. Walileta vitu ambavyo mimi, Mgogo mwenye cheti cha ualimu, sikuvijua. Binti mmoja alileta jani kavu limefungwa ndani ya ganda la hindi. Nikamuuliza linaitwaje. Akasema, "Bibi kasema mwalimu akitaka jina aje mwenyewe."

Nikaenda mwenyewe. Ndivyo nilivyopata shule yangu ya pili, na ile ya pili haikuwa na likizo.

Bibi huyo simtaji jina, hakupenda. Mama yake mzazi aliipita Mtunya akiwa msichana. Wewe umekuja kikazi, labda hujui Mtunya ni nini. Ni ile njaa ya 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza kupita Ugogo yakichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, halafu mvua nazo zikakata. Watu walikufa wengi mno. Waliobaki, wengine walibaki kwa sababu walijua mzizi gani unachemshwa na kumwagwa maji mara ngapi kabla haujalika, na tunda gani linaliwa na mbegu yake inatemwa. Yule msichana alijua. Akamfundisha binti yake, na binti yake, akiwa bibi wa meno mawili, akanifundisha mimi. Hiyo ndiyo sehemu kubwa ya daftari la tatu. Siyo hadithi za zamani, Mheshimiwa. Mvua yetu ya mwaka wa kawaida haifiki milimita 600, na ikikosekana hatuna msimu mwingine wa kujaribu tena.

Ufundishaji wake ulikuwa hivi. Hakukubali kuuelezea mmea akiwa amekaa ndani. Lazima muufuate ulipo. Mkifika anakata jani, analisugua kiganjani, anakunusisha. Kisha anakwambia ufumbe macho, anakupa jani jingine, unusie, useme kama ni lile au silo. Nilikosea sana. Kuna vichaka viwili pale kilimani ambavyo kwa macho ni pacha, na kwa pua ni maadui. Kimoja mbuzi anakula, kingine anakikwepa. "Wewe unasoma kwa macho tu," aliniambia, "mbuzi anakushinda."

Na mmea haumalizwi kwa siku moja. Lazima uuone ukiwa na majani, uuone na ua, uuone na tunda, na kwetu baadhi yake huchipuka Desemba na kufikia Aprili hauoni hata alama. Ukikosa ua mwaka huu, unasubiri mwaka ujao, Mungu akipenda. Sampuli nilizikausha kati ya magazeti ya zamani na maboksi, juu na chini mbao mbili, nikafunga kwa mpira wa baiskeli. Mbao zilipokosekana nilizilaza chini ya godoro. Marehemu mume wangu alilala juu ya mimea ya Ugogo miaka saba bila kulalamika, isipokuwa siku ya mkulagembe.

Nilikwenda hadi Farkwa mara moja, nikifuatana na kwaya, nikakaa siku tatu na mzee mmoja Msandawe. Yule alinitoa jasho. Lugha yao ina vidoko, zile sauti za kubofya ulimi, na abichidi yetu haina herufi zake. Nikabuni alama zangu: kidoko cha mbele nikachora samaki mdogo, cha pembeni nikachora jembe, cha nyuma nyota. Kwa hiyo kurasa zile kumi na moja hakuna wa kuzisoma isipokuwa mimi. Kama kijana wako anadhani ni michoro ya mtoto, amwambie mwenzake asizitupe.

Pia zipo kurasa za kalamu nyekundu. Mambo ya kina mama, ya uzazi, Bibi aliyosema yaandikwe yasipotee ila yasisomwe na kila mpita njia. Nilizikunja pembe nikazishona kwa uzi. Siku ya kukabidhi nilimweleza afisa jambo hilo kwa utaratibu. Akatikisa kichwa. Kosa langu ni kwamba sikumuuliza ametikisa upande gani.

Kwa nini nilikabidhi? Kwa sababu mliniita. Mlituita walimu, wazee, waganga wenye vyeti, mkatueleza kwamba patatengenezwa kitabu chenye Kigogo, Kirangi, Kisandawe na Kiswahili. Kwamba sampuli zitapelekwa Arusha, kwenye hifadhi ya taifa ya mimea mikavu, wataalamu waziwekee majina ya kisayansi. Kwamba kila aliyesema jambo ataandikwa amesema. Na kwamba madaftari yatarudi baada ya wiki mbili. Nimelisikia neno hilo kwa masikio yangu: wiki mbili. Kitu nilichopewa mkononi ni kikaratasi chenye muhuri, na wino wa muhuri ule umeshafifia, ofisi bado haijafifia.

Utauliza kwa nini sikutoa nakala kwanza. Kurasa 412, Mheshimiwa, kwa shilingi 100 ukurasa, ni 41,200. Mwezi ule kiinua mgongo changu kilikuwa kimekwisha hospitali kwa mume wangu, na aliyebaki nyumbani ni mimi, kuku sita na deni. Nilimwambia afisa, basi toeni nakala ninyi. Akasema mashine ya ofisi ina foleni.

Najaribu kuelewa yalikwenda wapi. Mara nadhani yule afisa alipohamishwa aliondoka nayo kwenye boksi la vitu vyake, bila nia mbaya. Mara nadhani mlipohama ghorofa yalibaki kwenye korido, mtu akayawekea birika la chai. Kuna siku nilimshuku mwanafunzi wa chuo kwamba amepewa afanyie tasnifu, nikamchukia kijana nisiyemjua wiki nzima. Sina ushahidi wa lolote. Ninachokijua ni mkulagembe: mtu aliyeandika kibao kile alikuwa na daftari langu la pili mezani. Na mnyaa: alikuwa na la kwanza. Swali ni la tatu.

Maana mambo yetu yana desturi ya kuandikwa na kuondoka. Speke na Grant, wale wapelelezi wa Kizungu, walikatiza Ugogo mwaka 1860, Grant akichuma mimea njiani, na aliyoichuma ilihifadhiwa kwenye bustani ya mimea ya Kew kule London. Wajerumani walipeleka ya kwao Berlin, na usiku mmoja wa Machi 1943 mabomu yakateketeza sehemu kubwa ya hazina ile. Mwingereza mmoja, Burtt, mtaalamu wa mimea kwenye utafiti wa mbung'o, alizunguka vichaka vya Kondoa na Singida miaka mingi, akafa kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Orodha kubwa ya mimea ya Afrika Mashariki ilianza kuchapwa 1952 ikakamilika 2012, aina zaidi ya 12,000, kazi ya kuivulia kofia, lakini humo unaambiwa jani lina urefu gani. Mkono uliolichuma utaukuta kwa nadra. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wana kitabu cha mimea yao yenye manufaa tangu 1949. Visiwa, Mheshimiwa, vyenye mvua na karafuu. Sisi wa nyika, ambao mmea mmoja tukiukosea tunalala njaa, tuna vibao kumi na vinane.

Berlin lilihitajika bomu. Kwetu ilitosha ofisi kuhama ghorofa.

Siku hizi hata kwenda kuanza upya hakuna pa kwenda. Kilima alichonifundishia Bibi kimepimwa viwanja. Vigingi vimepigwa katikati ya mikole, na upande wa chini ni tanuri za mkaa. Sipingi watu kujenga, na mimi nakaa kwenye nyumba. Nasema tu kwamba katapila halinusi.

Bibi alifariki kabla ya mvua za mwaka jana kuanza. Kila nilipomtembelea baada ya 2019 aliuliza habari ya kitabu. Mwanzo aliuliza kwa shauku, baadaye kwa adabu, mwishoni kama mtu anayemuulizia mgonjwa. Mara ya mwisho aliniambia, "Wale watu wako hawajamaliza kusoma?" Nikasema bado, Bibi. Akasema, "Kumbe mwandiko wako ni mrefu hivyo." Akageuka ukutani.

Sasa nikueleze kilichonifanya nikae niandike haya, maana ingekuwa vibao tu ningenuna nikanyamaza, nimezoea.

Unajua mlenda. Kwenye migahawa yenu hapo mjini wanauuza kama kitu cha utalii. Sisi tunauchuma kipindi cha mvua, tunauanika, tunautwanga, tunauhifadhi, na kiangazi ndio mboga yetu, magadi kidogo, karanga zikipatikana, na ugali wa uwele. Mlenda wa Bibi ulikuwa haupatwi na mdudu. Mwaka mzima unafungua kibuyu, unga uko kijani, unanukia mvua. Siri ilikuwa jani moja analolipanga chini, katikati na juu. Jani hilohilo aliliweka kwenye mtama, na dumuzi hawakuonekana. Si mwarobaini, maana mwarobaini unaacha uchungu. Ni kitu cha kilimani.

Siku ya tatu ya msiba, binti yake mdogo alikuja na kibuyu cha mama yake, akakaa karibu yangu mkekani. Akasema, "Mwalimu, mama alikuwa akiweka jani gani humu? Sikumuuliza, nilijua wewe umeandika."

Nikafungua mdomo. Majina mawili yalinijia pamoja, ya vile vichaka pacha vya kilimani. Kimoja ndicho. Kingine Bibi alinipiga kikofi cha mkono nilipokigusa na kusema hicho hakikai karibu na chakula. Nikajaribu kukumbuka harufu. Nikajaribu kuuona ukurasa, uko upande wa kushoto, juu kuna mchoro wa jani, chini kuna doa la uji. Doa nililiona. Jina halikuja. Wanawake wote pale mkekani walinyamaza wakinisubiri, mimi mwalimu, mimi niliyezunguka na daftari miaka minane nikiwasumbua na maswali. Nikamwambia, nitakuletea jibu. Amekwishaniuliza mara mbili tangu hapo. Msimu huu kaweka mlenda wake bila jani, na nasikia umetoboka.

Nina miaka sitini na sita, Mheshimiwa. Goti la kulia halipandi tena kilima, na hata likipanda litakuta vigingi. Nauli ya kuja ofisini kwako kwenda na kurudi, ukiweka na bodaboda, ni mboga ya wiki. Nimekaa kwenye lile benchi la nje ya mlango wako hadi nalijua msumari wake uliochomoza, ule wa tatu kutoka kushoto, unachana vitenge. Mimi mwenyewe ninasahau. Naingia jikoni nasahau nilichofuata. Niliandika ili nikisahau pawe pa kuuliza, na pa kuulizia mmepafungia kabatini kwenu.

Nilikuwa na madai mengi wakati naanza barua hii. Nilitaka vibao vya miti migeni virekebishwe. Nilitaka safu ya "Nani kasema" irudishwe, na hata kama Bibi hakutaka jina, pangeandikwa "bibi mmoja wa Chamwino", angalau isomeke kwamba ni mtu. Nilitaka mtueleze kitabu kimefikia wapi, na sampuli kama zilifika Arusha au ziliishia stendi. Nilitaka kuwakumbusha kwamba tuna sheria ya tiba asili tangu 2002 na taasisi Muhimbili inayochunguza dawa za asili tangu 1974, kwa hiyo jambo hili si uchawi wa vijijini wa kuonewa aibu ofisini. Bado nayataka. Lakini yaache. Daftari la kwanza na la pili kaeni nayo mpaka vibao viishe, hata kuninakili ninakilini, ila kwa rula.

Nirudishieni la tatu. Kama hamwezi kulitoa, nifungulieni kabati nikae palepale sakafuni saa moja, mlinzi akinitazama, nitafute ukurasa mmoja, nisome jina moja, niondoke. Sitadai chai.

Ili msiseme hamlijui: ni kaunta buku ya kwaya tatu, jalada jeusi, mgongo mwekundu uliobanduka juu, nimeushona kwa uzi wa gunia. Mbele limeandikwa III kwa chaki nyeupe, huenda imefutika. Kurasa za nyuma zina samaki, majembe na nyota. Za katikati zimeshonwa, msizifungue. Ninaoutafuta uko baada ya hizo, upande wa kushoto, una doa la uji ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa shule ya msingi,
Chamwino, Dodoma

Nakala: Mlinzi wa bustani, asiyeruhusiwa kusoma.